Vita isiyo ya mtaa: jibu kwa mama wa Makorora mwenye mtoto katika jeshi la Marekani

"Shikamoo mama mshauri. Mimi ni mjane, naishi Makorora hapa Tanga. Mwanangu wa pili alishinda bahati nasibu ya grinikadi akaenda Marekani, na mwaka jana akaniambia ameingia jeshi la nchi kavu la huko. Depo ameshamaliza. Zamani alikuwa akipiga simu kila Ijumaa baada ya sala. Sasa anaweza kukaa wiki tatu kimya, na nikisikia habari za vita redioni usingizi unaniruka mpaka alfajiri. Majirani wengine wanasema nina bahati, dola zinaingia. Wengine wanasema nimemuuza mtoto, tena akapigane na Waislamu wenzake. Nimewajua wazazi wanne wenye hali kama yangu: mmoja yuko Pangani, mmoja Bagamoyo, mzee mmoja Chumbageni, na wifi yangu aliyehamia Columbus, Ohio, ambaye binti yake yuko jeshi la majini. Tunataka tuwe kikundi. Mzee anasema tuanze na mfuko wa dharura, elfu hamsini kila mwezi kila mtu, ili mtoto akipatwa na jambo tuweze kumleta nyumbani. Moyo wangu unasita. Tuanzeje? Na likitokea la kutokea, mimi wa Makorora nitaambiwa na nani?"

Marahaba, dada yangu. Umeuliza maswali mawili, lakini chini yake nimeliona la tatu ambalo hukuliandika: kwa nini hofu hii inanielemea hivi, na mtoto yu mzima, na akipiga simu anacheka? Nianze na hilo, kwa sababu kikundi chenu kitawafaa au hakitawafaa kulingana na jibu lake.

Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, kaka yangu mkubwa alikuwa askari. Mimi nilikuwa msichana wa shule, tukikaa Ngamiani. Saa ya taarifa ya habari ilipokaribia, redio ilitolewa kibarazani, na kina mama wa mtaa walikuja na mikeka yao bila kuitwa. Mwenye mtoto vitani alikaa, na asiye na mtoto vitani alikaa. Mmoja anasuka ukili, mwingine anachambua mchele, wote masikio yako kwenye redio. Taarifa ikiisha palikuwa na kimya, kisha mmoja angeuliza, "Huko walikokutaja, ndiko aliko wako?" Mama alijibu kwamba hajui. Wakakaa kidogo tena, wakaondoka. Hayo yaliendelea mpaka Kampala ilipoanguka mwezi Aprili 1979, na hata baada ya hapo, mpaka kaka aliporudi. Hakuna aliyeandika katiba wala aliyechanga senti. Mama alibebwa na mtaa kwa sababu vita ile ilikuwa ya mtaa mzima.

Vita ya mwanao si ya mtaa wako, dada yangu. Jirani yako hamtakii kijana mabaya, ila hana mahali pa kuiweka hofu yako. Kikosi chake hakijui, nchi anayoweza kupelekwa haijui, na bendera iliyo begani mwake si aliyozaliwa akiiona. Basi anashika anachokijua: dola, au dini. Ndiyo maana siku moja unaambiwa una bahati na umemuuza, na wote wawili wakishasema wanakuacha peke yako kibarazani.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Pauline Boss, alianza miaka ya 1970 kuchunguza familia za marubani waliopotea katika vita ya Vietnam. Alieleza aina ya majonzi ambayo mtu hayupo nawe lakini hajaondoka, wala hujui uyaanzie wapi kuyalia. Mimi kwa lugha yetu naiita huzuni isiyo na matanga. Sisi watu wa pwani tuna utaratibu mzuri wa msiba: mikeka inatandikwa, khitma inasomwa, siku ya tatu matanga yanaanuliwa. Wewe mjane umepita na eda ya miezi minne na siku kumi, kwa hiyo unajua vile siku zilizohesabiwa zinavyomsaidia mtu kuinuka. Hofu ya mzazi wa askari haina siku ya kwanza wala ya tatu. Mwili unakaa macho kama mlinzi ambaye mwenzake hakuja kumpokea zamu: simu ikilia usiku moyo unadunda, habari ikisomwa tumbo linakaza, usingizi unakatika. Hilo si upungufu wa imani. Mwili wako unafanya kazi uliyopewa, ila haujaambiwa lini upumzike.

Sasa ukimya wa wiki tatu. Katika mafunzo ya awali ya jeshi la nchi kavu, ambayo huchukua takribani wiki kumi, makuruta hunyang'anywa simu na kupewa nafasi chache tu za kupiga. Hayo ameshayapita. Akiwa kikosini, ukimya huwa na sababu za kawaida kabisa: mazoezi porini, zamu za usiku, au agizo la kuacha simu. Na Tanga iko mbele ya pwani ya mashariki ya Marekani kwa saa saba au nane, kutegemea majira yao. Ijumaa yako baada ya sala ni alfajiri kwake.

Kuna sababu nyingine ambayo wazazi wengi hawaijui, nami nataka uijue. Kambi iliyoko eneo la vita askari wake anapouawa au kujeruhiwa vibaya, desturi ya jeshi lile ni kufunga intaneti na simu za kambi nzima mpaka jamaa za aliyepatwa waarifiwe. Wanafanya hivyo ili mama asisome kifo cha mwanawe mtandaoni. Kwa hiyo ukimya wa ghafla katika kambi nzima unaweza kuwa ni heshima kwa mama mwingine. Najua jambo hili linatuliza na linaumiza kwa pamoja.

Kuhusu kumuuza. Marekani iliacha kuwalazimisha vijana kuingia jeshini mwaka 1973, na tangu hapo anayejiunga hujiunga kwa hiari na sahihi yake. Saini ya mzazi huhitajika kwa kijana wa miaka 17 tu. Mwanao aliandikishwa akiwa mkaazi halali wa huko, kwa sababu sheria yao inamruhusu mwenye grinikadi anayeishi Marekani kujiunga hata kama si raia. Haiwezekani kuandikishwa moja kwa moja kutoka Tanzania, kwa hiyo ukimsikia mtu anachukua pesa za wazazi ili awaingizie vijana jeshi la Marekani, huyo ni tapeli. Mwambie na mzee wa Chumbageni, maana kikundi kikianza kujulikana, watu wa namna hiyo watakifuata.

Na hilo la kupigana na Waislamu wenzake ndilo zito kuliko yote uliyoandika, wala sitalipitia juu juu. Wapo wazazi watakaokaa kwenye mkeka wenu ambao wanazichukia vita za Marekani kwa moyo wote na wanampenda mtoto wao kwa moyo ule ule. Wapo wanaoona mtoto amepata ajira ya heshima, basi. Mkiruhusu kikao kiamue nani kati yao ana haki, kikundi kitakufa kikao cha pili. Ushauri wangu ni kwamba mkubaliane mapema, kwa sauti, mbele ya wote: hapa hatuhukumu vita, tunamsikiliza mzazi. Mwenye swali la kidini alipeleke kwa shekhe anayemwamini, kwa faragha. Jeshi lile lina maimamu wake pia, wa kwanza aliteuliwa mwaka 1993, na anachosema askari kwa imamu au kasisi wa jeshi hubaki siri kati yao. Mwanao akibanwa na dhamiri, anapo pa kwenda.

Moyo wako umesita juu ya pesa, na mimi nasita pamoja nawe. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii zaidi ya miaka thelathini, nimeona vikundi vya kina mama vikizaliwa na kufa. Vingi havikufa kwa uchoyo. Vilikufa siku mmoja aliposhindwa kuleta mchango, akaona haya kuja kikaoni, na haya hiyo ikamweka nje wakati anawahitaji wenzake kuliko siku zote. Mama wa Pangani ambaye mtoto hajatuma hela miezi miwili, na hajui kwa nini, ndiye anayehitaji mkeka wenu. Elfu hamsini zitamfukuza.

Tena mfuko anaoutaka mzee unalenga shida ambayo tayari ina mwenyewe. Askari wa Marekani akifariki akiwa kazini, jeshi ndilo linalogharamia kuuandaa mwili na kuusafirisha mpaka mahali anapochagua mtu aliyepewa mamlaka ya mazishi. Familia haichangi. Akiugua au kuumia, matibabu ni ya jeshi. Mnachoweza kuhitaji ni vocha, nauli ya daladala, chai na maandazi. Hivyo kila mmoja alete anachoweza, bila daftari. Ikiwa baada ya mwaka mnataka kuweka na kukopeshana, sawa, lakini hicho kitakuwa chama kingine chenye uongozi wake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi vya kijamii vya aina hiyo katika daraja la nne na inavitaka visajiliwe, na pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Mkeka na kikoba visikae chumba kimoja.

Basi mwanze hivi. Nyinyi watatu mlio karibu, wewe, mzee na mama wa Pangani, mkutane ana kwa ana mara moja kwa mwezi, siku isiyobadilika, nyumbani kwa mtu na si ofisini. Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa umweleze bayana kwamba ni wazazi wanaotembeleana kwa sababu watoto wao wako jeshini nje. Neno "jeshi la Marekani" likipita mdomo kwa mdomo bila wewe kulisema kwanza, litarudi limevaa nguo nyingine. Wa Bagamoyo na wifi yako wa Columbus waingie kwa simu. Saa mbili usiku yetu ni mchana kwao Columbus, saa sita au saa saba, na anaweza kuzungumza akiwa mapumziko ya kazini.

Kisha fanya jambo ambalo hukuliuliza. Watafute mtaani kwako wazazi ambao watoto wao wa jeshi letu, JWTZ, waliwahi kwenda kulinda amani Darfur au Kongo. Julai 2013 askari wetu saba waliuawa Darfur. Desemba 7, 2017, kule Semuliki mashariki mwa Kongo, waliuawa wasiopungua 14 katika shambulio la usiku mmoja. Ziko nyumba zinazojua ilivyokuwa kusubiri majina yasomwe. Mama wa namna hiyo hatakuuliza habari za dola. Atakuuliza, "Amekula?" Hawa si lazima wawe wanachama wa chochote, na mambo ya jeshi la watoto wao watayafuata kwa taratibu zake, lakini mkiwa nao mkekani ile vita isiyo ya mtaa inaanza kupata mtaa.

Katika kundi lenu la WhatsApp pawe na mwiko mmoja usiovunjwa na mtu: hakuna kuandika kikosi cha mtoto kiko wapi, kinaondoka lini, kinarudi lini, wala kurusha picha yake akiwa na sare yenye jina. Hata dua ikiandikwa, iandikwe bila tarehe. Mtoto akikuambia "siwezi kusema, mama," hajakuficha kwa kukosa mapenzi. Hiyo ni amri, na akiivunja kwa ajili yako anaweza kuadhibiwa, na mbaya zaidi, anaweza kuwaponza wenzake. Picha zenye jina ndizo pia zinazoibwa na matapeli wanaojifanya askari wapenzi mitandaoni.

Wifi yako ana njia ambazo nyinyi wa huku hamna. Kule kuna chama cha kina mama wa askari, Blue Star Mothers, kilichoanza mwaka 1942 mjini Flint, Michigan, na kipo mpaka leo. Nyota ya buluu wanayoitundika dirishani, alama ya mtoto aliyeko jeshini, ilibuniwa mwaka 1917 na baba wa Ohio aliyekuwa na wana wawili vitani, jimbo lile lile analokaa wifi. Aende, akaone. Lakini mwambie ukweli mapema: anaweza kuingia ukumbini akajikuta peke yake mwenye lafudhi, mwenye buibui, na asipate la kushika katika mazungumzo. Haitakuwa mara ya kwanza kwa mgeni kusimama mlangoni. Chama cha kina mama waliofiwa na watoto vitani, American Gold Star Mothers, kilichoundwa mwaka 1928, kilimkatalia mama mzaliwa wa Ufilipino ambaye mwanawe aliuawa Afghanistan mwaka 2004, kwa sababu tu mama hakuwa raia. Watu walipiga kelele, na mwaka 2005 wanachama wakaibadilisha kanuni. Mlango ulifunguliwa kwa sababu mama mmoja aligonga na wengine wakamsikia akigonga. Kwa hiyo wifi asichague kati ya chama cha kule na mkeka wa huku. Kule atapata taarifa, huku atapata Kiswahili, na mtu anayelia hulia vizuri zaidi kwa lugha yake.

Sasa swali lako la pili: utaambiwa na nani. Kila askari wa Marekani hujaza fomu iitwayo DD 93, yenye majina, anwani na simu za jamaa wa kuarifiwa. Humo pia anaandika nani apokee malipo ya serikali akifariki, dola 100,000, na nani awe na mamlaka juu ya mazishi yake. Bima ya maisha ina wanufaika wake kando, na tangu Machi 2023 kiwango cha juu ni dola 500,000. Kama hajaoa, ni kawaida kumwandika mzazi, lakini kawaida haijazi fomu. Kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyechoka, anayeambiwa aandike haraka, huandika jina la rafiki anayekaa naye chumba kimoja kwa sababu ndiye mwenye anwani ya Marekani. Nimewahi kukaa na familia iliyogundua hilo wakati ambapo hakuna tena wa kumuuliza.

Mwulize. Najua ulimi unakuwa mzito, kwa mila zetu kumtajia mtoto kifo chake ni kama kukiita kije. Mwambie hivi: "Mwanangu, zile fomu zako, jina langu umeliandika kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA?" Swali la jina halina uchuro, na linafungua mengine yote. Jina lako lifanane herufi kwa herufi na la kitambulisho, si lile la mtaani la mama fulani. Anwani iwe ile yenye namba ya nyumba na jina la barabara iliyobandikwa wakati wa zoezi la anwani za makazi mwaka 2022, pamoja na namba mbili za simu. Kwenye nafasi ya maelezo ya ziada aandike kwamba mama yake anazungumza Kiswahili, na namba ya shangazi yake wa Columbus awe mkalimani. Akisema ameshajaza zamani, mwambie asome tena, kwa sababu fomu huweza kubadilishwa wakati wowote. Na siku akioa, mke ndiye atakayekuwa wa kwanza kuarifiwa, si wewe. Hilo litauma, lakini kukosa namba ya mkwe wako simuni kutauma zaidi.

Kule Marekani, habari ya kifo cha askari huletwa ana kwa ana na ofisa aliyevaa sare, akiwa na mwenzake, mara nyingi kasisi wa jeshi. Habari ya kujeruhiwa inaweza kuja kwa simu. Kwako wewe, njia itafuata anwani na namba zilizomo kwenye fomu, na ndiyo maana nimeikazania. Lakini shika hili na ulisome kikaoni: jeshi haliombi pesa. Hakuna ada ya likizo, hakuna ada ya kumtoa mtoto vitani, hakuna ada ya kuachia mwili wala ya kufungua bima. Atakayekupigia usiku, awe na Kiingereza kizuri kiasi gani, akataja jina la mwanao kisha akataja namba ya kutumia pesa, kata simu, mpigie wifi.

Kuhusu mazishi, nitasema mara moja. Askari akifa akiwa kazini nje, mwili hupitia uchunguzi wa kitabibu wa jeshi kabla ya kutolewa, hivyo kuzika ndani ya siku moja kama tulivyozoea hakuwezekani. Kuoshwa, kukafiniwa na kusaliwa kwa taratibu zetu kunawezekana iwapo aliyepewa mamlaka ya mazishi anayajua hayo na anayaomba. Mwanao amchague mtu wa namna hiyo. Inatosha.

Habari pia inaweza kutoka huku kwenda kule, na hilo kwa umri wetu ndilo lenye uwezekano mkubwa zaidi. Wewe ukilazwa hospitali ya Bombo, usitegemee ujumbe wa WhatsApp. Mkuu wa kikosi hutaka habari iliyothibitishwa ndipo aamue kumpa askari likizo ya dharura, na kazi ya kuthibitisha hufanywa na Msalaba Mwekundu wa Marekani, saa zote za siku, bila malipo. Wataomba jina kamili la askari, cheo, tarehe ya kuzaliwa, tawi la jeshi na kikosi, kisha jina la hospitali na la daktari watakayezungumza naye. Andika hayo kwenye karatasi moja leo, uiweke na Msahafu au pale unapoweka vyeti vyako, umpe nakala mtu mmoja tu unayemwamini. Kumbuka kwa likizo ya dharura jeshi huhesabu kwanza mzazi, mke au mume, mtoto, ndugu wa kuzaliwa. Bibi au mama mkubwa hahesabiki hivi hivi, isipokuwa kama ndiye aliyemlea badala ya mzazi, na kijana awe tayari kulieleza hilo kwa maandishi. Kwetu wangapi wamelelewa na bibi? Katika vikao vyenu mtawakuta.

Uraia nitaupitia haraka. Sheria yao inampa askari njia fupi ya kuomba uraia wa Marekani bila ada. Akiupata, kwa Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 anapoteza wa Tanzania, kwa kuwa mtu mzima hawi raia wa nchi mbili. Bunge limeshapitisha hadhi maalumu kwa waliokuwa raia, na masharti yake yaulizwe Uhamiaji. Mwenye grinikadi hawezi kumwombea mzazi ukaazi. Raia mwenye miaka 21 au zaidi anaweza, ingawa kanuni za viza hubadilika na serikali. Mzazi yeyote wa kikundi aliyeko Marekani ambaye karatasi zake zina kasoro asipate ushauri mkekani. Amwone wakili wa uhamiaji mwenye leseni, na kambi nyingi za jeshi zina ofisi ya sheria ambayo mtoto anaweza kuanzia kuuliza.

Kuna mahali mkeka hautoshi. Usingizi ukikatika kila usiku kwa zaidi ya wiki mbili, ukaacha kula, ukaacha kutoka nje, ukawa huwezi kuzima redio wala kuisikiliza, au ukajikuta unatamani usiamke, nenda hospitali ya mkoa Bombo uombe kuonana na watu wa afya ya akili. Usiwaambie "presha" kwa kuona haya. Waambie mwanangu yuko jeshini na silali. Hivyo hivyo kwa mtoto: akirudi likizo akashtuka fataki za Idi mpaka akajikunja, akakaa macho akilinda mlango, msimcheke wala msimwite mwenye mashetani. Akitamka kwamba hataki kuishi, akiwa Marekani apige 988 kisha abonyeze 1, laini ya askari na maveterani inayopokewa usiku na mchana. Akiwa nyumbani Tanga, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kikao cha kwanza kiwe kifupi. Baada ya alasiri, kibarazani kwako, kila mmoja aje na karatasi tupu na kalamu. Mzee wa Chumbageni mpe kazi ya kusoma kwa sauti yale ya matapeli, ana sauti na atafurahi kutumika baada ya kukataliwa mfuko wake. Mjaze zile taarifa za Msalaba Mwekundu pamoja, na ambaye hajui kikosi cha mwanawe aachie nafasi wazi, akamwulize Ijumaa. Kisha zimeni redio, mtandike, na umwache mama wa Pangani aseme kwanza.